Kisanduku Kitupu

Fomu ina kurasa mbili na muhuri wa chuo.
Imelala mezani tangu Jumatatu
kati ya kopo la chumvi na taa ya sola.
"Chagua utaalamu mmoja tu," inasema,
kama muuza mitumba wa Nyawera
anayekukataza kugeuza rundo lote.

Magonjwa ya mlipuko. Lishe.
Uongozi wa huduma za afya. Maji na usafi.
Miaka miwili, Ijumaa jioni na Jumamosi kutwa,
dola mia tatu kila muhula,
na mwombaji awe na umri usiozidi...
hapo wino umefifia, nami sikuuliza.

Nina miaka arobaini na saba.
Magoti yangu yanaijua kila ngazi ya udongo ya Kadutu.
Nimehesabu chanjo, vyandarua, vyoo,
nimetia klorini kwenye madumu ya watu
hadi mchuzi wangu mwenyewe ukanuka dawa.
"Mama M'Cibalonza," husema mkubwa wangu, "wewe una uzoefu."
Uzoefu, ndiyo. Kama njia ya mbuzi:
inafika,
lakini haijui kwa nini ilipinda.

Cikuru wa ofisi ya pili amechagua uongozi.
"Huko ndiko kuna gari," aliniambia akicheka.
Dada yangu anasema soma, lakini bati lako linavuja.
Linavuja kweli. Sufuria mbili sakafuni
huhesabu mvua usiku kucha
na hazijakosea hata tone.

Mimi nafikiria juma la thelathini na moja,
mwaka ule wa kipindupindu.
Ripoti zilikuja kwa simu, kwa pikipiki,
kwa karatasi iliyolowa mfukoni mwa mchukuzi;
vituo kumi na tisa, nami nikijaza jedwali:
nne, kumi na moja, mbili, saba.
Kashozi haikuleta kitu.
Nikaandika sifuri.

Nilikuwa na haraka. Na sifuri ina sura nzuri,
kama sahani iliyooshwa.
Juma la thelathini na mbili nikaandika nyingine.
Mkutanoni tuliipongeza Kashozi.
Tulipiga makofi.

Kisha akashuka mtu kwa miguu, siku mbili njiani:
daraja limekwenda na maji,
muuguzi Balagizi amelala kati ya wagonjwa wake,
simu haina moto,
daftari limejaa hadi ndani ya jalada.

Sijamwambia yeyote ni nani aliyeandika zile sifuri.
Jedwali halina safu ya jina la mkono.

Juzi umeme ulikatika saa moja.
Nsimire, mwanangu, mwaka wa kwanza wa takwimu,
alikuwa na zoezi lake upande wa pili wa taa.
Nikamwuliza, kama mtu anayeuliza bei
bila nia ya kununua:
usipopata namba, unaandika nini?

Hakuinua kichwa.
"Unaacha wazi, mama.
Halafu unaenda kuuliza kwa nini."

Alisema hivyo tu, akageuza ukurasa.
Mtoto niliyemfundisha kunawa mikono.
Nilitoka nje kuanua nguo ambazo hazijakauka,
nikasimama nazo gizani, chini ziwa halionekani,
ng'ambo taa chache,
na kila mahali penye giza
nilijiuliza: hakuna watu, au hakuna habari?

Leo nimeshika kalamu.
Magonjwa ya mlipuko: nimeweka alama,
nikaikoleza isije ikafifia nayo.
Penye umri nimeandika umri.
Penye "Sababu ya kuomba" kuna mistari mitatu;
nimeandika Kashozi, nikaweka nukta.
Wakitaka zaidi, wataniita.

Penye "Mlipaji wa ada"
nimekaa muda mrefu, sufuria zikihesabu.
Mkono ulikwisha kuanza kuchora duara.
Nikauzuia.

Nimeacha wazi.
Kesho nitaenda kuuliza.